Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani: Historia Fupi

Mkataba ulioliasisi shirika hili ulitiwa saini mjini Addis Ababa mwaka 1962, na mwenye kuitafakari tarehe hiyo hakosi kustaajabu, maana Tanganyika ilikuwa imejitawala kwa muda usiotimia hata mwaka, Kenya ingali chini ya Mwingereza, na Mfaransa akashiriki kwa niaba ya ile nchi ya pwani ambayo leo ni Djibouti. Ilhali wote hao, kila mmoja na siasa yake, waliafikiana kwamba baa lenye kuzaliwa katika mchanga wa Uarabuni au Ogaden haliwezi kungojewa mpakani.

Elimu ya kazi ilikuwapo kabla ya mkataba. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu mzaliwa wa Urusi aliyehamia London, alikuwa amekwisha kubainisha kwamba mdudu mpweke asiyedhuru na mdudu wa makundi, waliodhaniwa kuwa jinsi mbili mbalimbali, ni jinsi moja inayogeuka tabia kwa msongamano. Tangu hapo hadhari ikawa ni kumtafuta nzige angali mpweke. Jike huuzamisha mkia katika mchanga wenye unyevu, akataga mayai mfano wa punje za mchele, na baada ya takriban wiki mbili hutoka tunutu wasio na mabawa, na huo ndio wakati mwafaka wa kuwaangamiza. Kwani wakishaanza kuruka, hali wangali na rangi ya waridi, rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa hana budi kuwawahi alfajiri wamelala mitini, kabla jua halijawapasha joto wakaondoka na upepo kwa masafa yafikayo kilomita 150 kwa siku.

Dhambi ya kazi kama hii ni kufanikiwa. Nzige walipopungua, michango ya nchi wanachama aghalabu ilichelewa, na sijui hazina gani ya serikali inayolipa kwa moyo mkunjufu gharama ya msiba ambao haukutokea. Ndipo mwaka 2018 tufani mbili, Mekunu na Luban, zikalinywesha jangwa la Rub al-Khali, nzige wakazaliana huko pasipo mtu kuwaona, wakavuka Yemen iliyokuwa vitani, na mwishoni mwa mwaka 2019 upepo wa kaskazi ukawaingiza Kenya kwa wingi usioonekana huko kwa miaka 70. Ndege za shirika hazikutosha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likakusanya fedha, na ndege nyingine zikakodiwa.

Makundi hayo yalipokoma mapema mwaka 2022, shirika lilikuwa likikaribia kutimiza miaka 60, lina nchi wanachama 9, makao yake Addis Ababa na kituo cha ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Na marubani wakarejea kwa maadui wengine wa mashamba, kwelea kwelea na viwavijeshi, ambao hawana mwaka wa mapumziko.