Dirisha la Mabaharia na Mateka wa Bara

Katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, kuna madirisha ya vioo vya rangi yanayowakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa. Insha hii inauliza: kumbukumbu hiyo inatuhusu vipi sisi wa Mununga, kando ya Ziwa Mweru, mbali na bahari?

Kwa maoni yangu inatuhusu sana, kwa sababu biashara waliyoipiga vita mabaharia hao ilianzia bara. Mwaka 1867 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akateka pembe nyingi za ndovu. Novemba mwaka huohuo David Livingstone alifika Mweru. Misafara ilipeleka pembe na mateka pwani, na majahazi yakawavusha mateka hadi Unguja, Pemba na Uarabuni.

Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga soko la watumwa la Mkunazini. Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale. Hata hivyo, magendo hayakukoma. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi. Mabaharia wengine waliuawa na homa.

Mabaharia hao wanastahili heshima. Lakini tukizipima kumbukumbu kama ushahidi wa kihistoria, tunaona upungufu. Baharia ana dirisha. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Livingstone ana msalaba kanisani humo, uliochongwa kwa mti wa kwa Chitambo, alikofia mwaka 1873 katika Zambia ya leo. Mateka walisubiri hadi 1998, ilipowekwa uani sanamu ya watu waliofungwa minyororo, nao hawana majina.

Kwa hiyo mwanahistoria asiishie penye kioo. Dirisha linatuambia nani alikufa akizuia majahazi. Halituambii waliokuwa ndani yake walitoka vijiji gani. Sehemu hiyo ya historia inapaswa kutafutwa huku bara, katika masimulizi ya koo za Watabwa, Wabwile na Washila, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.