Gavana Aliyenyimwa Kipaza Sauti

Ndugu wasikilizaji, mwanasiasa akikubaliana na chama chake katika mambo tisa na kukataa la kumi, afanywe nini? Ili tusije tukagombana kwa majina ya hapa kwetu, juma hili nimemchagua mtu wa mbali. Huyo ni Robert Casey, Mkatoliki wa chama cha Democratic, aliyekuwa Gavana wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuanzia mwaka 1987 hadi 1995.

Casey alizaliwa mwaka 1932, na kwao ni Scranton, mji wa makaa ya mawe. Baba yake alianza kazi ya kuchunga nyumbu wa machimboni akiwa na umri wa miaka 10, akaja kuwa wakili ukubwani. Katika familia kama hizo kanisa na chama cha wafanyakazi vilikwenda pamoja. Kwa Casey, kumtetea mchimba makaa na kumtetea mtoto aliye tumboni lilikuwa jambo moja. Asiyelielewa hilo atamwona kigeugeu.

Ugavana haukumjia kirahisi. Mwaka 1966, 1970 na 1978 aliangushwa katika kura za maoni za chama chake. Hata jina lake lilimponza. Mwaka 1976 mtu mwingine kabisa aitwaye Robert Casey alichaguliwa kuwa mweka hazina wa jimbo. Miaka miwili baadaye akazuka wa tatu, mwalimu aliyekuwa pia akiuza aiskrimu, akapata tiketi ya unaibu gavana! Mwenzetu hakukata tamaa. Alirudi mwaka 1986, akashinda kwa kura chache. Mwaka 1990 akashinda tena, safari hii kwa zaidi ya kura milioni moja, dhidi ya mwanamke wa chama cha Republican aliyetetea haki ya kutoa mimba. Mvumilivu hula mbivu.

Akiwa madarakani alitia saini masharti mapya ya utoaji mimba. Mwanamke apewe maelezo kwanza, kisha asubiri saa 24. Msichana mdogo apate idhini ya mzazi. Mke amjulishe mumewe. Kliniki zikaenda mahakamani, na kesi ikabeba jina la gavana. Tarehe 29 Juni, 1992, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali masharti mengi, ikafuta lile la mume. Lakini kwa kura 5 dhidi ya 4 ikathibitisha kiini cha hukumu ya mwaka 1973 iliyompa mwanamke haki hiyo. Casey alishinda vifungu, akashindwa hoja.

Wiki chache baadaye chama chake kilikutana New York kumteua Bill Clinton. Casey aliomba kuhutubia, akanyimwa nafasi. Wakuu wa chama walijitetea kwamba hakuwa amemuunga mkono mgombea. Lakini jukwaani alipandishwa mwanamke Mrepublican wa Pennsylvania aliyetetea haki ya kutoa mimba. Gavana wa chama akabaki kitini, mgeni akapewa kipaza sauti.

Tuwe waadilifu, ndugu zangu. Waliompinga Casey walikuwa na hoja nzito. Sheria yake haikumfunga Mkatoliki peke yake, ilimfunga kila mwanamke wa jimbo lile, mwenye dini hii au ile na asiye nayo. Imani ya mtu ni yake. Akiigeuza kuwa sheria, wengine wana haki ya kumhoji. Hata hivyo, kuhoji ni jambo moja na kuziba mdomo ni jingine. Na Casey hakuishia kwenye kukataza. Desemba mwaka huohuo wa 1992 alitia saini mpango wa bima ya afya kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na mwaka 1997 Marekani nzima ikaanzisha mpango wa namna hiyo.

Juni 1993, akiugua maradhi adimu, alipandikizwa moyo na ini kwa pamoja mjini Pittsburgh. Alirudi ofisini Desemba. Alifariki tarehe 30 Mei, 2000.

Ubishi wenyewe haukuzikwa naye. Mwaka 2022 Mahakama ileile ilifuta hukumu ya 1973 pamoja na ile yenye jina la Casey. Na mwanawe, Seneta Bob Casey, mwaka huohuo aliunga mkono muswada wa kulinda haki ya kutoa mimba. Baba na mwana, jina moja, chama kimoja, msimamo mbalimbali.

Mwaka 1992 ndio ambao sisi Tanzania tulirudisha vyama vingi kisheria. Mimi naona vyama vingi havitoshi ikiwa ndani ya kila kimoja sauti inayoruhusiwa ni moja. Mtu anayekosea ajibiwe mbele ya watu. Ukimnyamazisha, wafuasi wake watadhani hukuwa na jibu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.