Haki kwa Lugha ya Nani? Sheria na Kiswahili katika Historia ya Kongo

Sheria ya tarehe 18 Oktoba 1908, ambayo kwa desturi huitwa Hati ya Koloni, ndiyo iliyoweka msingi wa utawala wa Ubelgiji katika Kongo baada ya Mfalme Leopold II kuikabidhi nchi hiyo kwa taifa lake. Kifungu chake cha 3 kilihusu lugha. Kilisema kwamba matumizi ya lugha ni ya hiari. Kwamba amri zitatungwa ili kulinda haki za Wabelgiji na za Wakongomani mbele ya serikali na mahakama. Na kwamba amri zote za jumla zitaandikwa na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiflama, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji, matini zote mbili zikiwa rasmi. Wakongomani walitajwa katika kifungu hicho. Lugha zao hazikutajwa.

Uzito wa ukimya huo unaonekana kifungu cha 2 kinaposomwa pamoja na cha 3. Kifungu cha 2 kilikataza mtu yeyote kulazimishwa kufanya kazi kwa faida ya kampuni au ya mtu binafsi. Katazo hilo halikuwa dogo, hasa katika nchi iliyokuwa imetoka katika mateso ya mpira. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1917 serikali ya koloni iliruhusu wanavijiji walazimishwe kulima mazao yaliyochaguliwa na watawala, pamba ikiwa mojawapo. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilithibitisha wajibu wa siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo ziliongezwa hadi 120. Kilimo hicho kiliitwa cha kuelimisha. Lakini pamba yenyewe ilinunuliwa na kampuni zilizopewa maeneo yao, kwa bei iliyopangwa na serikali.

Mwanasheria angeweza kuuliza kama kilimo hicho kilipatana na kifungu cha 2. Mkulima aliyehusika hakuwa na njia ya kuuliza. Wajibu wake ulimfikia kwa lugha aliyoielewa, kwa mdomo wa mkalimani, wa karani, wa chifu au wa kapita: idadi ya siku, ukubwa wa shamba, kiasi cha kodi, adhabu ya atakayekaidi. Haki yake ilibaki katika kurasa za Kifaransa na Kiflama. Hapo ndipo tatizo lote lilipo: katika koloni, amri ilikuwa na wakalimani wengi, haki haikuwa na hata mmoja.

Isidhaniwe kwamba lugha za Kongo, Kiswahili kikiwa miongoni mwao, hazikuweza kubeba mambo ya sheria. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuenea mashariki mwa nchi pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kisha kikatia mizizi katika miji ya migodi ya Katanga. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipoyapanga mabaraza ya kienyeji, yaani mahakama zilizohukumu Wakongomani kwa mila zao, mashauri yalisikilizwa humo kwa lugha za wenyeji. Katika maeneo ya Kiswahili watu walidai mahari, waligombania mashamba, walitoa ushahidi, walikana madeni, wakahukumiwa. Maneno yaliyohitajika yalikuwapo: shauri, shahidi, kiapo, dai, deni, fidia, hukumu. Lugha iliyoweza kumtia mtu hatiani ingeweza pia kumweleza kinga yake.

Tena, katika jambo moja Kiswahili kina uwazi ambao Kifaransa hakina. Neno la Kifaransa «droit» hubeba maana mbili, sheria kwa jumla na kile ambacho mtu anastahili kudai. Kiswahili hutenganisha sheria na haki, na msemaji wa kawaida anajua kwamba sheria inaweza kukosa haki. Neno «raia» nalo lina historia yake. Katika asili yake ya Kiarabu lilihusu watu walio chini ya mtawala, kama kundi chini ya mchungaji wake. Katika Kiswahili sanifu limekuwa jina la mwenye uraia, mwenye haki. Mashariki mwa Kongo, hata hivyo, linatumika sana kumtaja mtu asiye askari, na mara nyingi yule anayeteswa na wenye silaha. Mfasiri wa katiba hawezi kulipuuza tofauti hilo, kwa sababu msomaji atalisikia neno kama maisha yake yalivyomfundisha kulisikia.

Uhuru haukuigeuza hali hiyo mara moja. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, pamoja na ile ya tarehe 17 Juni 1960 kuhusu uhuru wa watu, zilikuwa sheria za Ubelgiji, zilizopitishwa Brussels wiki chache kabla ya tarehe 30 Juni. Zilifuatwa na katiba ya Luluabourg ya 1964, na ile ya 1967 iliyorekebishwa mara kwa mara chini ya utawala wa chama kimoja. Katiba zilibadilika, Kifaransa kikabaki mlangoni.

Katiba iliyopigiwa kura ya maoni mwezi Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006 ilileta jambo kubwa. Kifungu cha 1 kinakiweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na kinazitambua lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 18 kinaagiza kwamba mtu anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa katika muda wa siku 60 tangu itangazwe na Rais. Kile ambacho mwaka 1908 kilinyamaziwa sasa kimekuwa wajibu wa dola.

Hata hivyo, kifungu hicho cha 142 kina ufa ndani yake. Sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa yenyewe iseme vingine. Ikichapishwa mapema, inaweza kumbana msemaji wa Kiswahili kabla ya siku ya mwisho ya kumfikishia kwa lugha yake. Na kifungu cha 62 kinasema kwamba hakuna anayehesabiwa kuwa haijui sheria. Mwananchi basi anaweza kulaumiwa kwa kutojua kile ambacho Serikali bado ina muda wa kutomjulisha.

Huweza kudaiwa kwamba tafsiri nyingi zitazaa sheria nyingi, na mahakama zitapotea. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia yenyewe inaijibu. Wabelgiji hawakuogopa kuwa na matini mbili rasmi mwaka 1908, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zao. Tanzania nayo ilitumia Kiswahili katika mahakama zake za mwanzo kwa miongo mingi, na mwaka 2021 ikakifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Kinachohitajika ni istilahi zilizokubaliwa, zinazoeleweka Lubumbashi kama Bukavu, Goma kama Kisangani, na watu waliofunzwa kuzitumia.

Kazi hiyo ni ya wanasheria na wanaisimu kwa pamoja. Mwanasheria peke yake atatoa tafsiri ambayo mkulima haielewi; mwanaisimu peke yake atatoa tafsiri ambayo hakimu hawezi kuitumia. Kwa muda wa karne moja na zaidi Mkongomani wa Kiswahili ameambiwa kwa lugha yake anachopaswa kutoa. Aambiwe sasa, kwa lugha hiyohiyo, anachopaswa kupewa.