Kukopi CD zetu: nyumbani ao kwa kijana wa ordinatere?

Katika nyumba nyingi, Bengamisa sawa na Kisangani, CD zingali ndani ya katoni chini ya kitanda: Franco, Papa Wemba, na zile ambazo makorali yetu yaliimba. Mashine ya kuzipiga imekwisha kufa, na radio mpya inataka flash ao kadi memwari. Basi, tuzikopi wenyewe ao tulipe?

Kwanza angalia ni CD ya namna gani. Ile ya kiwandani, nyimbo zimechapwa ndani ya plastiki, na hata ikipotea, Franco atapatikana kwingine. Ile ya korali ilichomwa kwa ordinatere, juu ya rangi ambayo jua na joto vinaiharibu, na mara nyingi iko moja tu. Hiyo usimwachie mtu. Kama huna mashine, kaa pale pale mpaka amalize.

Kwa nyimbo zinazojulikana, kijana anatosha. Lakini ujue: mara nyingi hasomi CD yako, anakupa nyimbo zilizo tayari ndani ya mashine yake, zilizokwisha kupunguzwa, ndiyo maana sauti ni kavu. Mwanamuziki naye hapati kitu, ijapokuwa sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda.

Nyumbani utahitaji ordinatere yenye kusoma CD. Nyingi za sasa hazina, kwa hiyo utanunua kisomaji cha kuchomeka pembeni. Exact Audio Copy ni programu ya bure ya Windows, na inarudia kusoma mahali penye mikwaruzo. Chagua MP3 ya kilobiti 192: muziki wa saa moja ni megabaiti 86 hivi. WMA uiache, radio nyingi za soko haziisomi. Korali, iweke pia katika FLAC. Ni nzito, lakini haipotezi kitu.

CD nzima inachukua kama dakika 5 mpaka 10. Ishirini ni masaa mawili ao matatu ya jenereta, basi piga hesabu ya esanse mbele ya kuanza.

Pangusa kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Na upande wa maandishi ndio wa kuogopa zaidi: nyimbo ziko karibu na hapo, mkwaruzo wake hautengenezeki. Usiandike juu yake kwa biki.