Kutoka Jahazi hadi Mkonga: Historia Fupi ya Kusoma kwa Mbali

Ukisimama kwenye gati la Deira, Dubai, utaona majahazi ya mbao yakipakia majokofu, matairi na viyoyozi. Mkono ule wa bahari Waarabu huuita khor. Sisi tunalo neno hilo hilo: hori. Kabla ya meli za moshi, barua kati ya Ghuba na Unguja iliutegemea upepo. Kaskazi iliileta, kusi ikarudisha jibu. Swali moja na jibu lake viliweza kula miezi mingi.

Leo Mswahili anayefanya kazi Deira anaweza kumaliza zamu, akafungua simu na kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia katika chuo kilicho nchi nyingine. Wapo wanaoliona jambo hili geni, na wapo wanaoidharau shahada yake. Makala haya yanadai kwamba si geni, na kwamba historia yake yatuonyesha sehemu ya kuiamini na sehemu ya kuihoji.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiosoma katika vyuo vilivyo chini yake. Hapo ufundishaji ulitenganishwa na utahini: haikujalisha umesomea wapi, mradi umefaulu. Saikolojia yenyewe ilikuwa bado changa. Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake Leipzig mwaka 1879. Mfungwa Nelson Mandela alisomea sheria za London kwa posta akiwa Kisiwa cha Robben, na mwaka 1989, akiwa bado kifungoni, akapata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Wanafunzi wake wa mwanzo walitegemea vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoani. Kisha mwaka 2009 mkonga wa TEAMS ukalazwa chini ya bahari kati ya Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na Mombasa. Majahazi na mkonga vikawa vimeunganisha pwani zile zile. Ila jibu sasa hufika kabla ya chai kupoa.

Historia hii yafundisha nini? Kwamba barua, kitabu na mkonga vyote vimebeba kile kinachoweza kuandikwa na kusahihishwa. Nadharia, takwimu na mbinu za utafiti husafiri salama. Lakini kumsikiliza aliyefiwa si karatasi ya mtihani. Ndiyo maana katika nchi nyingi anayetaka leseni ya kutibu hudaiwa saa za mazoezi chini ya msimamizi. Basi anayejiandikisha asiishie kuuliza ada na muda. Aulize pia: nani atanisimamia, wapi, na je, nchi nitakakofanya kazi inaitambua shahada hii?

Liko na swali la nne, nalo ni letu wanachama wa Kiswahili: kwa lugha gani? Kozi nyingi za mtandaoni hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini kijana wa Mombasa aliye mbali na kwao, akilemewa, husema, "Nina mawazo." Anayelitafsiri neno kwa neno atadhani kijana ana fikra za kutoa, anayeijua lugha atavuta kiti akae naye. Mkonga hauwezi kumfundisha mtu hilo asipokuwa nalo tayari, na vitabu vya saikolojia kwa Kiswahili bado ni vichache. Kuviandika ni kazi yetu na wahadhiri wetu, na safari hii hatuna upepo wa kusubiri.