"Kukata utumbo": jina lililokosea kiungo

Mtu aliyekuwa mnene sana akionekana amepungua kilo nyingi kwa muda mfupi, hapa Butimba, Mwanza, kama kwingineko Tanzania, watu husema amekata utumbo. Hospitali huandika upasuaji wa kupunguza uzito. Wataalamu wana neno lao, bariatri, lililotokana na Kigiriki: baros ni uzito, iatros ni tabibu. Mgonjwa husikia zaidi yale majina mawili ya kwanza, na kwa maoni yangu yote mawili humpotosha katika jambo kubwa kuliko yote, yaani namna ya kula miaka mingi baada ya kidonda kupona.

Tuanze na utumbo. Upasuaji unaofanywa sana siku hizi hauugusi kabisa. Daktari hukata na kutoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akabakiza sehemu nyembamba iliyo mfano wa mkono wa shati. Upo upasuaji wa pili ambao kweli hufika kwenye utumbo: mfuko hufanywa mdogo sana, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuunganishwa nao upya ili chakula kiruke sehemu ya njia. Ama puto linalowekwa tumboni, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikiitoa katika miaka hii ya 2020, hilo si upasuaji. Hukaa miezi kadhaa, kisha huondolewa.

Ugonjwa wenyewe, yaani unene uliopita kiasi, tayari una jina zuri. Wataalamu wetu wa lishe huuita kiribatumbo, na kiriba ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Kipimo chake ni uwiano wa uzito na urefu unaofikia 30 na kuendelea. Neno hili linapendeza kwa sababu linamweka msikilizaji mahali panapohusika, kwenye mfuko. Ndiyo maana napendekeza tuseme na tuandike "upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula". Jina ni refu, lakini linataja kilichopunguzwa. "Kupunguza uzito" linataja matokeo, kana kwamba kisu ndicho kitakachofanya kazi hiyo hadi mwisho.

Na kisu hakifanyi. Mfuko unapokatwa, huondoka pia sehemu kubwa inayotengeneza grelini, homoni ya njaa, hivyo mwaka wa kwanza mtu hula kidogo bila kujilazimisha. Baadaye njaa hurudi kwa kiasi, na mfuko hutanuka kidogo. Watafiti wa Sweden walioanza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa wa namna hii waliona uzito ukishuka hadi kiwango cha chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha ukipanda taratibu. Waliounganishwa utumbo upya walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito wao katika kipindi hicho cha mwanzo; baada ya miaka 10 ikabaki asilimia 25. Hayo bado ni mafanikio makubwa. Ila kilichorudi kilirudi kimyakimya, baada ya ndugu na jirani kuacha kuuliza habari za upasuaji.

Hapo ndipo sahani inapohusika, na hapa kando ya Ziwa Victoria mtu ana bahati. Mchukue mtu aliyepasuliwa miaka mitano iliyopita, amekaa kwa mama lishe wa Butimba. Mbele yake kuna ugali wa udaga, sato wa kuchemsha na mchicha. Mpangilio anaopaswa kuushika ni huu: maji alishakunywa nusu saa kabla, hayanywi na chakula. Anaanza na samaki, anachambua minofu kidogokidogo na kutafuna hadi ilainike kabisa. Kisha mboga. Ugali unakuja mwisho, matonge mawili matatu, na akihisi kubanwa chini ya kifua anaacha hata kama sahani haijaisha. Mwili wake unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, na mfuko mdogo ukitangulia kujazwa udaga, protini haitapata nafasi. Dagaa wa Mwanza wanamfaa sana, maana huliwa na mifupa yao na hivyo humpa chokaa pia.

Adui wake mkubwa ni vile vinavyoteleza: soda, juisi, uji wenye sukari nyingi, biskuti, andazi lililochovywa kwenye chai. Hivi hupita bila kumshibisha, akajikuta anakula kutwa nzima. Sukari nyingi ikiingia ghafla kwenye utumbo mwembamba, wengine hutoka jasho, moyo ukaenda mbio, wakaharisha. Hali hiyo ningeiita "mmwagiko wa haraka", kwa sababu ndicho kinachotokea: chakula humwagika utumboni kabla ya wakati wake.

Lipo na la heshima. Katika sinia la pamoja msibani au harusini ni vigumu kujua umekula kiasi gani, na mwenyeji husononeka: "Mbona hujala, mwanangu?" Aliyepasuliwa aombe awekewe chake pembeni mapema, aseme, "Nimekula, mama, nimeshiba, asante." Wenyeji nao wasimlazimishe. Kumwongezea mtu huyu upawa mmoja kunaweza kumfanya atapike.

La mwisho halionekani kwa macho. Vitamini B12 mwili huiweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu wake unaweza kujitokeza wakati mtu ameshajiona amepona: uchovu, ganzi miguuni, damu kupungua. Madini ya chuma, chokaa na vitamini D navyo hupungua. Vidonge vya nyongeza ni vya maisha yote, pamoja na kupima damu angalau mara moja kila mwaka.

Kwa hiyo, wewe uliyepasuliwa zamani ukaacha kliniki kwa kuwa huumwi, rudi. Kama uko Butimba, hospitali ya rufaa ya Bugando iko mjini hapohapo. Mweleze daktari mwaka uliopasuliwa na aina ya upasuaji uliofanyiwa, kisha omba upimwe damu na uonane na mtaalamu wa lishe.