Mvua za monsuni zinapowaita wakazi wa Mumbai milimani na kwenye ngome

KILA mwaka, karibu na wiki ya pili ya mwezi Juni, pepo za kusi huwasili Mumbai zikiwa zimesheheni mvua. Ni pepo zilezile ambazo kwa karne nyingi zilisukuma majahazi ya Lamu, Mombasa na Zanzibar kuelekea India. Huko hujulikana kama monsuni, na kwa wakazi wa Mumbai na Pune, miji miwili mikubwa ya jimbo la Maharashtra, kuwasili kwake ndiko hufungua msimu wa safari za mwisho wa wiki.

Chanzo cha mvuto huo ni umbile la nchi. Nyuma ya ukanda mwembamba wa pwani husimama milima ya Sahyadri, sehemu ya safu ya Western Ghats. Mawingu ya baharini yakikutana na ukuta huo hulazimika kupanda, hupoa, kisha humwaga maji. Mahabaleshwar, mji ulio juu ya mita 1,300, hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Pune, iliyojificha upande wa pili wa milima, haifikishi hata 1,000. Majabali meusi yaliyokuwa makavu mwezi Mei hufunikwa na majani mabichi, na maporomoko ya maji huchuruzika kila upande.

Wakati wa ukoloni, Waingereza waliifanya baadhi ya vilele hivyo kuwa miji ya mapumziko ili kulikimbia joto la pwani. Lonavala na Khandala ndizo zinazofikika kwa urahisi zaidi, kwa treni au kwa barabara ya kasi ya Mumbai hadi Pune iliyokamilika mwaka 2002. Urahisi huo una gharama yake, kwani siku za Jumapili foleni ya magari huweza kumaliza nusu ya matembezi. Wageni hurudi na chikki, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja: ni kashata ya njugu na sukari guru.

Matheran ni habari nyingine. Magari hayaruhusiwi kuingia mjini. Huachwa Dasturi, na kutoka hapo mgeni huenda kwa miguu, kwa farasi au kwa treni ndogo. Reli hiyo nyembamba inayotoka Neral ilifunguliwa mwaka 1907 kwa juhudi za familia ya mfanyabiashara Adamjee Peerbhoy. Wakati wa mvua kubwa safari ya kutoka Neral kwa kawaida husitishwa kwa kuhofia maporomoko ya udongo, ingawa kipande kifupi cha juu, kutoka Aman Lodge, huendelea kutoa huduma.

Ngome ndizo zinazoipa milima hii historia. Nyingi zinahusishwa na Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha, aliyetawazwa katika ngome ya Raigad mwaka 1674. Huko hupandwa ngazi zaidi ya 1,700, au kwa gari la kamba kwa wasioweza. Sinhagad, karibu na Pune, hukumbukwa kwa vita vya mwaka 1670 ambamo kamanda Tanaji Malusare aliuawa wakati majeshi yake yakiitwaa. Mwezi Julai 2025 UNESCO iliziingiza ngome 12 za Wamaratha, Raigad zikiwamo, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa mgeni mwenye siku moja tu, Lohagad ndiyo ya kuchagua. Nayo imo katika orodha hiyo, njia yake ni ya ngazi za mawe zinazopita malango manne, na ukuta wake mrefu mwembamba uitwao Vinchukata, yaani mkia wa nge, hutokeza na kuzama katikati ya ukungu. Treni za kati ya Pune na Lonavala husimama Malavli, chini ya mlima.

Hata hivyo, mvua inayopendezesha mahali hapa ndiyo pia inayoua. Tarehe 30 Juni 2024 watu watano wa familia moja walisombwa na maji yaliyofurika ghafla karibu na bwawa la Bhushi, Lonavala, na mamlaka za wilaya zikatoa amri ya kuwazuia watalii kuingia kwenye maji yenye kina. Juni 15, 2025, Jumapili, daraja la chuma lililojaa watalii lilianguka katika mto Indrayani na kuua wanne. Wenyeji nao hawasalimiki: usiku wa Julai 19, 2023 mlima uliporomokea kijiji cha Irshalwadi, chini ya ngome ya Irshalgad. Miili 27 ilipatikana; wengine zaidi ya 50 hawakuonekana tena.

Kwa hiyo anayepanga safari hana budi kutazama tahadhari ya idara ya hali ya hewa, ambayo rangi yake nyekundu ni amri ya kubaki nyumbani. Viatu viwe vya kushika utelezi, na mteremko uanze mapema mchana, kwani ukungu wa jioni huficha ngazi. Kijito kilichofika kifundoni asubuhi huweza kufika kiunoni baada ya saa moja ya mvua ya juu mlimani, hata kama ulipo wewe jua linawaka.

Ngome moja yenye nasaba na Afrika haimo katika matembezi ya msimu huu. Ni Janjira, kisiwani karibu na Murud, iliyotawaliwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na ambayo Wamaratha hawakufanikiwa kuiteka. Bahari ya kusi huwa kali mno kwa mashua, hivyo wanaotaka kuiona husubiri mvua zipungue.